Sikulewa, Nililowa

Jamani, aibu niliyoipata mie siku ya kumwoza binti yangu, hapa hapa Temeke, mbele ya wakwe waliotoka Kinondoni na jamaa zao wote, siombei impate hata anayenichukia, lakini kwa kuwa mmeshaisikia barazani, na watu wameitia chumvi (eti nilimkumbatia shehe nikamwita mke wangu, uongo mtupu), bora mnisikie mie mwenyewe, fundi Athumani, niliyekuwemo.

Kwanza mjue hali yangu ilivyokuwa. Mwili ulikuwa hautaki kunisikia. Ulianza mguu wa kulia, ndio huo wa kukanyagia cherehani, nakaa kibarazani, dukani kwa Bwana Gulamu, nashona zangu, mara mguu unagoma kama punda aliyezidishiwa mzigo, nauambia kanyaga, haukanyagi. Vikafuata vidole, vikafa ganzi, sindano ikanichoma damu ikaingia kwenye kanzu nyeupe ya mtu na mie sina habari, naendelea kupiga soga. Nikiinamisha shingo, kitu kama umeme kinashuka mgongoni mpaka visiginoni. Halafu jicho moja likafanya ukungu, nikadhani ndiyo naingia upofu, likapona lenyewe. Na hapo ndipo palipotutatiza, maradhi yanakuja, yanaondoka, yanarudi pengine, mpaka mtu unajishuku mwenyewe. Shangazi yangu akasema ni jini. Jirani akasema ni kijicho cha mafundi wenzangu (mie kwa darizi ya kanzu sina mpinzani Temeke nzima, hilo nalisema bila haya).

Nikaenda hospitali ya serikali. Daktari mmoja Mhindi, kijana mpole, akanigongagonga magoti kwa kinyundo, akanichoma pini nyayoni, akanitembeza unyayo mbele ya unyayo kama mwanasarakasi, kisha akaniambia, "Fundi, sitaki kukudanganya. Kuna maradhi yanakula ngozi ya mishipa ya fahamu, kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo. Huenda ndiyo haya, huenda siyo. Daktari mkubwa wa mambo hayo yuko Nairobi, akija atakutazama."

"Atakuja lini, daktari?"

"Akija, fundi."

Basi nikarudi nyumbani na hiyo "huenda" yangu, nikamwambia mke wangu Tatu peke yake, tukafunga mdomo. Si kwamba niliona haya ya kuumwa, la. Zuhura wangu alikuwa keshaposwa na Idi, kijana mwenye adabu wa Kinondoni, na amini nawaambia, Kinondoni wangesikia baba mtu ana maradhi ya mishipa wangesema ni ya ukoo, posa ingerudi. Na Zuhura si mtoto wa kurudishiwa posa! Msomaji wa Kurani huyo, sauti yake ikipanda watu wanasimama njiani, na mkono wake kwenye cherehani umenizidi mie niliyemfundisha.

Siku ya harusi ikafika. Asubuhi mdogo wangu Salumu akaniona navuta mguu, akanivuta pembeni. "Kaka, nipe uwakili nimwozeshe mie. Wewe kaa tu, upokee wageni."

"Salumu," nikamwambia, "mtoto wangu nitamwoza kwa mkono wangu na kwa ulimi wangu."

Adhuhuri ilipopita nikataka basi kuulainisha ule mguu, nikakumbuka maneno ya jirani kuwa maji ya moto hufungua mishipa. Uamuzi mdogo huo, wa kuoga tu, nani angejua! Nikamwambia Tatu achemshe maji, si ya uvuguvugu, ya moto hasa, akatia mchaichai na mrehani, nikajimwagia kata baada ya kata mpaka nikawa nafuka kama sufuria ya wali. Nikatoka nikavaa kanzu, juu yake joho jeusi la marehemu baba, zito la sufu, jua la alasiri ndiyo kwanza limekaza, nikaenda kusimama chini ya turubai ambalo halipitishi hata upepo.

Wakwe walipoingia na dufu zao, nikaona wako mara mbili. Baba yake Idi wawili, shehe Kombo wawili, yule mjomba wa bwana harusi, Bwana Shamte (mkali huyo, hakuitaka posa hii tangu mwanzo, alikuwa amemtakia Idi binti wa rafiki yake huko kwao), naye wawili, kana kwamba mmoja hatoshi. Nikasema nitasimama imara, nitachagua wa kulia. Nikanyoosha mkono nimsalimie baba yake Idi, kumbe wa kulia hayupo, nikashika hewa, na hewa haimshikilii mtu. Nikayumba hatua kadhaa, nikatafuta pa kujizuia, nikaenda kukaa kitako, mie na joho la baba, juu ya sinia la haluwa.

Dufu zenyewe zilinyamaza.

Salumu akaninyanyua, haluwa ikanyanyuka pamoja nami. Hapo ndipo mtoto mmoja aliposema kwa sauti, "Babu ana kiatu kimoja!" Nikatazama chini, kweli, kubadhi la kulia sinalo, nimeliacha bafuni na mguu haukuniambia kitu.

Shehe Kombo, Mungu amjaalie, akafanya kama hakuona. Alikuwa keshaingia ndani kumuuliza Zuhura idhini yake, basi akanikalisha mkekani mbele ya Idi, tukashikana mikono, akasoma hotuba, akaniambia, "Haya, baba Zuhura, sema." Na mie nikasema, kwa fahari yangu yote, lakini ulimi ulikuwa umevimba mdomoni kama kitumbua, likatoka hivi:

"Nimekuosha mtoto wangu Zuhura..."

Idi wa watu akamtazama shehe, hajui akubali kuoshwa au angoje. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyokuja. Nikajaribu tena, "Nimekuosha!" Bwana Shamte akasimama.

"Shehe, huyu mtu kalewa! Kaanguka, kasahau kiatu, sasa hata kusema hawezi. Mlevi hana uwalii wa kuozesha. Twendeni zetu!"

Mie, ambaye tembo sijalionja tangu nizaliwe! Na akaja kweli, mbele ya watu, akainama akaninusa mdomo. Akakuta hiliki na karafuu, akasema eti ndivyo walevi wanavyoficha. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Salumu akasema atasimama yeye, Shamte akasema ukoo mmoja huo wa walevi, na mie nataka kujitetea, kila neno linatoka limelala.

Basi dirisha la chumbani likafunguliwa, na sauti ya biharusi, ambayo siku hiyo haipaswi kusikika na wanaume, ikasikika mpaka barabarani.

"Shehe, baba yangu hajalewa, baba yangu anaumwa. Anaumwa siku nyingi, anaficha kwa ajili yangu, na mie nikajifanya sioni kwa ajili yake. Mwenye kuogopa maradhi na aende, sitamlaumu. Lakini idhini yangu nimeitoa niozwe na baba yangu. Akiondolewa yeye, na mie naiondoa."

Jamani! Mie nadhani nimemficha, kumbe mtoto anajua kila kitu, na siri niliyoilinda ili aolewe, yeye kaitupa uwanjani mbele ya waliokuja kumuoa! Nililia, sikatai. Kisha nikahisi mkono wangu umekazwa, ule uliokufa ganzi, nikatazama, ni Idi, alikuwa hajauachia muda wote huo.

"Mjomba, kaa," akamwambia Shamte. "Mie nimekuja kwa fundi Athumani. Nitamngoja mpaka aseme."

Tatu akatokea na ndoo ya maji ya mtungini. Alidhani naelekea kuzimia kwa jua, wala hakuuliza mtu, akanivua joho akanimwagia kichwani, yakapita shingoni, yakaingia kwenye kanzu, baridi yake mpaka nikashtuka, akanimwagia na ya pili. Tukakaa. Watu wote wakakaa. Na polepole, wallahi, shehe Kombo akarudi kuwa mmoja, na ulimi ukanywea.

"Idi," nikasema, "nimekuoza mtoto wangu Zuhura kwa mahari mliyokubaliana."

Herufi kwa herufi! Idi akakubali kabla sijafunga mdomo, vigelegele vikapasua turubai, na Bwana Shamte mwenyewe akaja kunipa mkono, akacheka akasema, "Nisamehe, mkwe. Nilidhani umelewa, kumbe umelowa."

Nilipomsimulia daktari habari ya maji ya moto hakucheka, akasema mwili kulegezwa na joto na kurudishwa na baridi nayo ni dalili, na wapo madaktari wanaomtia mgonjwa kwenye maji ya moto makusudi wamtazame. Nikamwambia basi amwambie mkubwa wake wa Nairobi asijisumbue, mie nimeshaoga, mashahidi wako Kinondoni.

Mkubwa huyo bado hajaja. Siku nyingine nashona, siku nyingine nakaa tu, na hofu ipo, sitawadanganya. Lakini maji ya moto nimeapa, hata ya kunawia pilau sitaki, na kuficha pia nimeapa. Mdogo wake Zuhura keshaanza kuuliziwa na watu wanaotaka posa, nao wanaouliza nawaambia hapo hapo mlangoni, baba mtu anaumwa, jina la maradhi bado, anayetaka aingie, asiyetaka kwa heri. Na siku ya harusi yake ikifika, hata kama nitaletwa mkekani nimebebwa na wanaume wanne, nitamwoza mwenyewe.