Finjani za Treni

Nizwa, huku Oman, haina treni, na mimi sijapata kupanda treni maisha yangu, lakini majina ya mabehewa ya Kiswidi ninayo kichwani kama majina ya watoto wote wa mtaani kwetu Unguja. Mjukuu wangu alisoma Uswidi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukigeuza kwa Kiingereza kitabu cha mafundi wa treni za huko. Treni zile hazina kichwa cha kuvuta, mashine imo ndani ya behewa la abiria. Wenye kazi walikitaka kabla ya alasiri ya siku ile, na wakikuta kosa hawampi kazi nyengine.

Kila neno hunieleza mimi kwanza kwa Kiswahili, ndipo alitafutie la Kiingereza. Siku moja kabla akapanga finjani juu ya sinia. Yenye kahawa ni motorvagn, behewa lenye mashine. Yenye kokwa ya tende ni manövervagn, lina chumba cha dereva, mashine halina. Mbili zilizofunikwa ni mellanvagn, mabehewa ya katikati, hayana mashine wala chumba cha dereva. Zikakaa kama treni yenyewe inavyokwenda, kahawa mbele, kushoto.

Asubuhi akaja jirani. Mgeni hakai bila kahawa, na finjani zetu ni hizo hizo nne. Nikazichukua zile zile, mjukuu yuko chumbani na simu. Jirani alipokwenda zake nikaziosha nikazirudisha, ya kahawa nikaianzia kulia, kama tunavyomimina siku zote.

Alasiri inakaribia, mjukuu yuko sura ya mwisho, ya kuivuta treni iliyoharibika. Jicho moja kwenye kompyuta, moja kwenye sinia. Akinisomea kwa Kiswahili nikasikia: mashine iko nyuma. Jana alisema mbele. Mimi niliyeishia chuo cha Kurani, nimsahihishe aliyesoma Ulaya?

"Khalas, Bibi, natuma."

"Ngoja."

"Bibi, dakika kumi tu zimebaki."

"Sinia nimeichezea mimi. Jirani kanywea ile motorvagn."

Akanitazama. Sijapata kuuogopa hivyo uso wa mtoto niliyemuogesha mwenyewe.

"Fundi akifuata hii atafunga ndoano upande usio wake," akasema. "Jana ilikuwa vipi? Taratibu, Bibi."

Nikafumba macho, nikayataja kama tulivyokuwa tukisoma kwa mwalimu, bila kuruka. "Motorvagn. Mellanvagn. Mellanvagn. Manövervagn."

Akazipekua karatasi za Kiswidi. "Kweli. Mbele." Akasahihisha pahala panne. Alipotuma ndipo muadhini akaanza.

Nilisali, lakini sijui nilisali nini. Nilipokunja msala akaja kunionyesha simu: wamepokea, na kitabu cha pili kinakuja.

Kesho yake jirani akagonga. Mjukuu akaifunika sinia kwa kanga.

"Leo anywe kwa bilauri."

"Mgeni, kahawa, kwa bilauri? Aibu, mwanangu."

"Aibu nitaibeba mimi, Bibi. Treni usiiguse."