Darasa Ambalo Mama Hakuhudhuria

Mama alikuwa amepangiwa upasuaji wa kubadilishwa nyonga katika hospitali moja mjini. Wiki moja kabla, nesi alinipigia simu. "Jumanne kuna darasa la wagonjwa. Mlete tumfundishe jinsi ya kukaa, kulala na kushuka kitandani akishafanyiwa."

Nilikuwa kazini Kileleshwa, karani katika ofisi ya wakala wa nyumba, na nilikuwa nimeomba ruhusa mara nyingi mno. Lakini hiyo haikuwa sababu yote. Niliogopa kwamba Mama akisikia habari za mfupa kukatwa na chuma kupigiliwa, angepanda basi arudi Kakamega. Nikamwambia nesi tutajaribu. Mama sikumwambia lolote.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake walipomtaka asimame, alinishika mkono akalia. "Wanataka kunivunja tena?" Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyepasuliwa siku ileile, alikuwa ameshafika mlangoni kwa magongo, akihesabu hatua kwa sauti. Yeye darasani alikwenda. Mama alidhani amepewa dawa bora kuliko yake.

Tulipotoka nilipewa karatasi ya maagizo, yote kwa Kiingereza. Niliipitia juujuu ndani ya teksi. Tulipofika nyumbani Uthiru nilimweleza habari za vidonge tu.

Wiki ya tatu nilirudi jioni nikamkuta sakafuni jikoni, managu yametapakaa kila mahali. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga, kama alivyofanya maisha yake yote, akainama kuokota kisu. Nyonga ikachomoka.

Tukingoja gari la wagonjwa nilimwambia kwamba hakupaswa kukaa chini namna ile.

"Kwani kigoda kina makosa gani?" Jasho lilikuwa likimtiririka usoni. "Mbona hawakuniambia?"

"Hata mimi hawakuniambia, Mama," nikasema.

Alinipapasa shavu, akinihurumia.

Walimpasua mara ya pili. Kidonda kikaingia usaha, akalazwa miezi miwili, akatoka amekonda, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Sasa ni mwaka. Hainuki kitandani bila mimi, na siku nyingine hataki kuinuka kabisa. Daktari ameacha kutaja kutembea.

Wenzake wa kanisani wakija kumwona, huwaambia madaktari wa siku hizi hawaelezi watu kitu. Wao hutikisa vichwa. Mimi huwamiminia chai.