Nilivyosafisha Bustani ya Mkwe, na ya Jirani

Hili nilikaa nalo miaka mingi bila kulisimulia, na hata leo nalisimulia nikiwa nimeinama, kwa sababu kuna aibu ya kuteleza kwenye tope mbele za watu, ukainuka, ukajipangusa, mkacheka wote, na kuna aibu ya kuwakosesha watu mboga kiangazi kizima. Yangu ni hiyo ya pili.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa moja baada ya jingine, na kila Ijumaa mtu anaitwa ofisini anarudi na barua. Mume wangu, Yohana, alipata ya kwake tukiwa Morogoro. Tukapanda treni na godoro, sufuria nne na cherehani yangu, tukaja kwa mama yake nje kidogo ya mji wa Dodoma. Maduka siku hizo yalikuwa yameanza kujaa kila kitu, sabuni za rangi zote, mashati ya mitumba yamening'inia mpaka barabarani, ila sisi wa kununua ndio tulikuwa tumepungua. Kwa hiyo tulikula alichokuwa nacho Mama, na alichokuwa nacho Mama kilitoka kwenye shamba lake na bustani iliyozunguka nyumba.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane wa Kigogo, mwembamba, msemaji haba, mtu wa kukuangalia kwanza ndipo akujibu. Mimi ni Mchaga wa Marangu, na niseme ukweli wangu, nilikuja pale nikiwa na kiburi kidogo. Sikukionesha (nadhani), lakini kilikuwepo. Kwetu bustani ni bustani: mgomba umekaa pake, kahawa pake, na nyasi ikionekana katikati, mama yangu aliiona kama mgeni asiyealikwa. Nikitazama bustani ya Mama mkono unaniwasha. Kulikuwa na kunde, maboga, mistari kadhaa ya mtama, na katikati ya vyote hivyo jani moja limetapakaa kila mahali, jembamba, lina meno meno pembeni, na vimaua vidogo vya njano. Hakuna aliyelipanda. Limeota chini ya maboga, limeota kwenye kinjia cha kwenda chooni, limevuka mstari wa mawe unaotutenga na jirani yetu Mama Nyemo na kule nako limejaa tele. Nikajiambia, maskini, bibi wa watu amezeeka, nguvu za palizi hana, na hawezi kumwambia mkwe alime. Hapo ndipo wema ulipoanza kuniponza.

Basi ukatokea msiba upande wa Mpwapwa, wa ndugu wa mmoja wa akina mama wa kanisani, na Mama akaenda pamoja na Mama Nyemo na wenzao. Yohana naye alikuwa Kongwa akitafuta kibarua. Asubuhi ya kuondoka Mama akanishika mkono.

"Ndeshi, mwanangu, angalia bustani. Mbuzi wasiingie. Nikirudi tutachuma mboga, wakati wake umefika."

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Utaikuta kama hukuiacha wewe."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Siku ya kwanza nilimaliza bustani yote. Niling'oa moja moja na mizizi yake, kwa sababu baba yangu alinifundisha kwamba gugu linalosambaa ukilikata kwa jembe linakucheka. Lilikuwa linang'oka kwa urahisi, na likivunjika linaacha utelezi kwenye vidole (utelezi! Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akanusa vidole vyake, mimi nikavipangusa kwenye kanga nikaendelea). Kwenye mtama nilikuta mmea mwingine, mfupi, una vimaua vyekundu vizuri ajabu, vinang'aa. Huo sikuugusa. Nikasema hili ni ua, na nyumba hii haina hata ua moja. Mvua ilikuwa imekata kama wiki mbili, nikauchotea maji, nikauwekea na mbolea ya mbuzi, na mashina matatu nikayachuma nikayatia kwenye kopo la siagi juu ya meza.

Siku ya pili nikatazama upande wa Mama Nyemo. Nikawaza, kusafisha kwetu na kuacha kule ni kazi bure, mvua ikirudi mbegu zitavuka mawe na mwakani tupo pale pale. Halafu jirani mwema ni yupi kama si huyu? Nikavuka. Saa nane mchana nilikuwa nimemaliza na kwake, mgongo hausimami, na lundo la magugu limenifika kiunoni.

Nilikuwa nataka kuyachoma ila yalikuwa mabichi, hayashiki. Ndipo akapita mzee mmoja na mbuzi wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama kulitazama lile lundo, halafu akanitazama mimi.

"Mama, hii yote unaitupa?"

"Naitupa, mzee wangu. Walishe mbuzi wako, utakuwa umenisaidia."

Akajikuna kichwa. "Mwenye nyumba anajua?"

Jamani. Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yangu, taa zimewashwa, mtu ananionesha kwa kidole pa kupita. Lakini nilikuwa nimechoka, nimechafuka, na swali lile lilinichoma, nikaona huyu ananiona mimi mtu wa kuja tu.

"Mwenye nyumba ni mimi," nikamjibu.

Hakubishana. Mbuzi walikula lundo lile kama waliotumwa, na yeye akawa anatikisa kichwa mpaka wakamaliza.

Walirudi siku ya tatu, mchana. Gari liliwashusha barabarani wote pamoja, Mama, Mama Nyemo na akina mama wengine wanne, na kwa kuwa kwetu kulikuwa karibu, Mama akawakaribisha wanywe maji kwanza. Nilikuwa nimefagia uwanja, nimeoga, nimefunga kitenge changu kizuri. Nikawapokea mizigo, nikawasalimu kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi!", wakafurahi, wakaitikia. Halafu nikafanya kile ambacho mpaka leo nikikikumbuka nafumba macho. Sikungoja Mama aone mwenyewe. Nilimshika mkono nikamzungusha nyuma ya nyumba, wageni wote nyuma yetu, nikanyoosha mkono kama mtu anayezindua zahanati.

"Mama, nimekung'olea magugu yote. Na ya Mama Nyemo pia!"

Kunde zilikuwa zimesimama peke yake kwenye udongo mwekundu mtupu. Mama alitazama mwanzo mpaka mwisho wa bustani, akavuka mawe kwa macho, akatazama na kule. Mmoja wa wageni akasema taratibu, "Mlenda wote?"

Mlenda. Ule unga wa kijani uliokuwa ukitoka kwenye kibuyu cha Mama kila siku, anaupika na karanga, nami nakula na kuomba niongezwe. Miezi mitatu nimeula na sikuwahi kuuliza unatoka wapi, nilidhani ni kitu cha sokoni. Kumbe haupandwi. Unaachwa uote wenyewe, na wakati wake ukifika unachumwa, unaanikwa, unatwangwa, unawekwa, na huo ndio mboga ya kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zirudi, wakati hakuna jani bichi hata la dawa. Ile "mboga" aliyosema tutachuma akirudi, mimi nilidhani ni kunde.

Mama Nyemo alikwenda upande wake akasimama katikati. Alikuwa na wajukuu watano. Aliporudi alisema mbele ya wote, bila kupandisha sauti:

"Gugu la nyumba hii naliona. Limevaa kitenge."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kusema nitakwenda porini, nitachuma, nitalipa, maneno yanagongana. Mama akaniwekea mkono begani.

"Huyu ni wangu," akamwambia Mama Nyemo. "Hakujua. Na mimi sikumwonesha. Kosa ni letu wawili."

Tukaingia ndani watu wanywe maji, na pale mezani kuna kopo la siagi na maua yangu mekundu. Mama alilishika lile kopo kwa vidole viwili, akaniuliza haya nimeyatoa wapi, nikamwambia kwenye mtama, Mama, nayamwagilia. Hapo ndipo mmoja wa wageni aliposhindwa, akacheka mpaka akakaa chini, na wengine wakamfuata, wote isipokuwa Mama Nyemo. Ilikuwa kiduha. Kile kinachoshika mizizi ya mtama chini kwa chini, kikaunyonya mpaka unakuwa wa njano unadumaa, na mbegu zake ni kama vumbi, zikidondoka zinakaa ardhini miaka. Yaani katika bustani nzima gugu lilikuwa moja tu, na mimi nikaling'olea mboga zote lipate nafasi.

Jioni ile tuling'oa kiduha pamoja, mimi na Mama, na kila mmea tuliopita alinishikisha jani lake, akaniambia jina na kazi yake, kama mtu anayemtambulisha bibi harusi kwa ndugu. Hakunikaripia hata neno moja. Ningeona nafuu angenikaripia. Baadaye alishusha kibuyu, akamimina mlenda wote uliobaki wa mwaka uliopita kwenye ungo, akasema, "Mpelekee Mama Nyemo." Nikamuuliza, na sisi? Akasema, "Sisi tuna chumvi." Mama Nyemo aliupokea mlangoni, akanirudishia ungo, akafunga mlango.

Nilikwenda vilimani kutafuta mwingine, lakini wenye akili walikuwa wameshapita, na uliobaki ulikuwa umekomaa, majani yameisha. Kiangazi kile tulikula ugali na chumvi, siku njema na maziwa mgando. Yohana alikuwa akitania mwanzoni, akaacha. Mimi nilikuwa nasikia kila tonge. Tangu hapo siling'oi kitu kwenye ardhi ya mtu kabla sijauliza jina lake, na mtu akiniuliza mwenye nyumba anajua, naacha kazi nakwenda kumtafuta mwenye nyumba.

Mama Nyemo hakunisemesha mpaka mwezi wa kumi. Siku hiyo nilikuwa nimekaa uwanjani peke yangu na sahani yangu ya ugali na chumvi, joto la kufa mtu, nikamwona anavuka mstari wa mawe na bakuli mkononi. Alikuwa amepika mlenda, bila shaka ule niliompelekea kwa ungo, na karanga ameweka. Akaliweka mbele yangu, akavuta kigoda, akakaa.

"Kula," akaniambia. "Uonje ulichong'oa."

Akakaa pale pale mpaka nilipomaliza. Mlenda, kama mnavyoujua, hautafunwi, unateleza wenyewe mpaka tumboni. Ule nilimeza tonge moja moja, kwa shida, huku machozi yananitoka.