Msiba wa Golikipa

Niliporudi kutoka Uganda na diploma yangu, Kariakoo nzima ilijua. Sikuwa na baba wa kunisomesha. Nilianza kwa kubeba magunia sokoni hapo hapo, nikarudi nimevaa suti nyeupe. Nilifundisha chuo cha ualimu, na timu ya mpira ya chuo niliiunda mwenyewe.

Golikipa wangu alikuwa kijana wa Kizaramo, mpole, hodari wa hesabu. Siku ya fainali tulicheza na mafundi wa reli wa Gerezani. Mpira mwepesi ukampita katikati ya miguu, kombe tukalikosa. Tangu hapo, kila alipokatiza sokoni, wauza samaki walitanua miguu wakamwita, "Golikipa! Hapa pia panapita!" Akaacha kupita sokoni, kisha akaacha chuo, mwishowe akaacha kula. Na mtihani wa cheti ulikuwa umekaribia.

Mama yake akanijia. "Mwalimu, wenzake mpira uliisha siku ile ile. Wa kwake bado unachezwa kichwani."

Nilikwenda kumsemesha. Alikuwa amelala, amegeukia ukuta. "Shikamoo, mwalimu," akasema, basi. Nikaona kwamba heshima ndiyo iliyomfunga mdomo, mwalimu hajibiwi. Lakini mimi ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani: hata msibani ana ruhusa ya kumdhihaki maiti, na wafiwa hawakasiriki. Katika walimu wote, ni mimi tu niliyeweza kulifikiria hilo.

Kesho yake alasiri nikaja na suti yangu, nikavua viatu, nikajitupa vumbini uani kwao, nikaangua kilio.

"Uwii! Mzaramo wetu kafa! Kauawa na mpira! Leteni sanda pana, miguu yake haikutani!"

Mwarabu wa duka la jirani akatoka mbio, tasbihi mkononi. "Nani amefariki?"

"Golikipa! Tumzike golini, huko hakuna kinachozuiwa!"

Mama mtu akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha kutoka ndani ikaja sauti ya kukwaruza:

"Mnyamwezi, kazi yenu mizigo. Hata kulia hamjui."

"Nyamaza! Marehemu hasemi!"

"Marehemu anasema suti yako imekwisha!"

Akatoka, amekonda, amejifunga shuka, anacheka. Akakaa kando yangu vumbini, na kicheko kikageuka kilio, kile alichokizuia tangu siku ya fainali. Sikumnyamazisha. Mama yake alipoleta uji, akanywa.

Mtihani aliufanya, akafaulu. Golini hakurudi tena, nami sikumlazimisha, ingawa sikuwa na golikipa mwingine wa kiwango chake. Lakini mechi zetu alikuja kutazama. Siku golikipa mpya alipofungwa goli la aibu, yeye ndiye aliyeingia uwanjani wa kwanza. Akamshika mkono, wakarudi nyumbani pamoja, wakipitia katikati ya soko, mbele ya wauza samaki.