Moshi wa Kwa Mama Gema

Enzi zetu, mtoto wa kiume wa Sumbawanga alikuwa halii. Alikuwa anaingiwa na moshi. Nalisema hili mapema kwa sababu juzi nilimkuta binti yangu Noela, aliye kidato cha pili, amejifunika shuka, simu mkononi, analia kwa kwikwi. Nikadhani kuna msiba. Kumbe kuna kijana wa Kijapani, wa kuchorwa, ameshindwa kumwambia msichana wa kuchorwa kwamba anampenda, na sasa mvua inawanyeshea wote wawili. Nikamwambia, "Mwanangu, unalilia katuni?" Akafuta machozi, akanisahihisha kana kwamba nimemtukania ukoo.

"Si katuni, baba. Ni anime."

Sawa. Sisi tuliokulia Majengo wakati barabara ya Tunduma bado ni vumbi tupu tuliziita katuni, na hatukulilia kitu. Wenzangu wa rika langu watanishuhudia. Tulichapwa fimbo, hatukulia. Tulikwenda shule asubuhi za mwezi wa sita, ule upepo wa Ufipa unapita kwenye sweta kana kwamba haipo, miguu mitupu, jembe begani, hatukulia. Ukianza tu kukunja uso, baba alikuwa na swali lake moja: "Unalia nini, umefiwa?" Kama hukufiwa, ulinyamaza ukaendelea na safari.

Mahali pekee ambapo macho yetu yalitoa maji ni sebuleni kwa Mama Gema, na pale sababu ilijulikana. Mama Gema alipika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na jiko lake la kuni lilikuwa chumba cha pili, ukuta haujafika juu. Moshi wote ulipanda, ukapita juu ya ukuta, ukaja kukaa na wageni. Alikuwa mwanamke mpana, mkali, mwenye sauti ya kusikika mpaka kanisani, na ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuwa na runinga na deki. Aliviweka kuvutia wateja. Jumapili baada ya misa, kabla wanywaji hawajajaa, alituruhusu sisi watoto kukaa benchi la nyuma, kwa sharti kwamba tumgeuzie kimea kilichoanikwa uani na kuwafukuza kuku.

Tulikuwa wanne. Alikuwepo Odilo, mtoto wa fundi cherehani, ambaye hakuwahi kutunza siri hata ya mtihani. Alikuwepo Gaudensi, aliyeongoza darasani na hakutuacha tusahau. Nilikuwepo mimi, Desideri. Na alikuwepo Jilala, ambaye wazazi wake walikuja na ng'ombe wao kutoka Usukumani wakaweka boma nje ya mji, njia ya kwenda Muze. Wiki ya kwanza tulimcheka anavyoongea. Wiki ya pili akatufundisha kupiga mluzi unaomgeuza ng'ombe akiwa mbali, na vicheko vikaisha.

CD zililetwa na mdogo wake Mama Gema, utingo wa lori la Tunduma. Siku moja akaleta seti nzima, kwenye kasha pana picha ya mtu mwenye upanga unaochuruzika damu. Wanywaji wakavuta viti. Ikaanza. Kijana wa Kijapani anaamka. Anapiga mswaki. Anamuaga mama yake, anapanda baiskeli, anakwenda shule. Muda ukapita, hajapigwa mtu. Mzee mmoja akauliza upanga uko wapi, akaambiwa angoje. Kijana alipopanda juu ya paa la shule akalala chali kutazama mawingu, yule mzee akabeba kikombe chake akahamia kilabu cha jirani, na wenzake wakamfuata. Mama Gema akatoa maneno ya Kifipa kumhusu mdogo wake, maneno ambayo sitayaandika hapa. Sisi tulibaki. Tulikuwa tumegeuza kimea, na haki yetu ilikuwa haki yetu.

Hivyo ndivyo tulivyonaswa. Mji wa wale vijana ulikuwa milimani, una baridi, una ukungu wa asubuhi, una bibi anayeinama shambani na kusema na mboga zake. Wanafunzi walifagia darasa wenyewe, jambo ambalo lilitupa moyo, kwa kuwa tulidhani ni sisi tu. Waliingia ndani wakavua viatu. Waliwainamia wakubwa. Mama Gema alipita na kuni mikononi, akasimama, akaangalia, akasema, "Hawa wamefunzwa. Si kama nyie." Tangu siku hiyo alikuwa akipita na kuni mara nyingi kuliko jiko lilivyohitaji.

Waliongea Kijapani, na chini yalipita maandishi ya Kiingereza ambayo Gaudensi alitusomea kwa mamlaka, akiyaruka yaliyomshinda. Hayakutusumbua. Wale watu wa kuchorwa wana macho makubwa, hawafichi kitu. Tukaanza kuwaiga. Tulivua viatu mlangoni, wale waliokuwa navyo. Odilo alichonga vijiti vya kulia, tukajaribu kula maharage navyo, tukalala njaa. Mama yangu alivikuta akavitia motoni, akasema, "Ukirudia kuchezea chakula, kesho utakula hivyo vijiti vyenyewe." Jilala peke yake ndiye aliyeviweza, na akawa anatuonyesha kila tulipokaa kula.

Hadithi ilikuwa hii. Vijana wawili, marafiki, wanatengeneza baiskeli kuukuu ili waende kuiona bahari pamoja kabla hawajamaliza shule. Mmoja wao baba yake anahamishiwa mji wa mbali. Anashindwa kumwambia mwenzake. Mwenzake anakuja kusikia kwa watu, anakasirika, hawasemezani. Siku ya safari imefika, mmoja yuko kituo cha treni na begi lake, anaangalia barabara. Mwingine yuko nyumbani anajifanya amelala. Halafu anaruka kitandani, anachukua ile baiskeli, anaanza kushuka mlima kwa kasi, na treni inapiga honi. CD ikaishia hapo.

Moshi wa siku hiyo ulikuwa mkali mno. Gaudensi alifikicha macho akasema Mama Gema ametia kuni mbichi. Odilo akaunga mkono kwamba ni mbichi kabisa. Mama Gema akatokea mlangoni akatuambia kwamba jiko hajaliwasha tangu asubuhi, tukasema basi ni moshi wa jana. Utingo akaahidi CD ya mwisho, atatutafutia Tunduma, Jumapili ijayo itakuwa hapa.

Lakini Jumapili ijayo Jilala asingekuwepo. Malisho yalikuwa yamekwisha, na baba yake alikuwa ameamua kuteremsha ng'ombe bondeni, Muze, na baada ya Muze kwenda mbele zaidi, ambako hata yeye hakukujua. Tulikwenda bomani jioni kumuaga. Ng'ombe walikuwa wanaingia, wazee wanapiga kelele, na sisi tumesimama tu, maana kwa mafunzo yetu mwanaume akiaga anasema "haya," basi.

"Mtaiangalia bila mimi," Jilala akasema.

"Hatuiangalii," nikasema mimi.

"Mtaiangalia. Odilo huyu ataiangalia."

"Haki ya Mungu siiangalii!" Odilo akasema.

"Lamba," Jilala akasema.

Tukalamba vidole, tukavipitisha shingoni, tukavielekeza juu. Hakuna atakayeiona CD ya mwisho mpaka tukae wote wanne kwa Mama Gema. Jilala akageuza uso akajifuta na kiganja. Akasema ni vumbi la ng'ombe. Tukamkubalia, kwa kuwa vumbi kweli lilikuwepo.

CD ikaja Jumapili ile, kama ilivyoahidiwa. Mama Gema akaifuta kwa khanga yake, akaiweka kabatini nyuma ya picha ya Familia Takatifu. Niseme ukweli, ile picha niliitazama kwa ibada kubwa kuliko niliyokuwa nayo kanisani. Miaka ikapita. Wengine tukapelekwa shule za bweni, tukarudi, tukaoa. Odilo akafungua duka la vifaa vya ujenzi hapahapa Majengo. Gaudensi akawa mwalimu wa nidhamu sekondari moja upande wa Mpui, ambako ananyang'anya wanafunzi madaftari yaliyochorwa watu wenye macho makubwa. Jilala akapotea, akaja kupatikana kwenye simu akiwa Katavi, mfanyabiashara wa ng'ombe, kitambi mbele, wake wawili. Tulikuwa tunapigiana. Kila simu ilimalizika kwa mimi kumwambia, "Tunakusubiri kwa Mama Gema," naye kucheka na kusema, "Nakuja, mshikaji."

Sasa fikirieni majaribu niliyopita. Intaneti ilifika. Noela alipoanza hizi anime zake, haikuchukua muda akaipata na ile yetu, sehemu zote, kwenye simu. "Baba, si ndiyo hii mliyokuwa mnaangalia zamani? Nikuonyeshe mwisho?" Nikamwambia akithubutu kufungua mdomo, likizo nzima ataimalizia Mpui kwa shangazi yake akipalilia mahindi. Kisha nikamkalisha nikamhutubia. Nikamwambia nyie watoto wa siku hizi mnaangalia mwanzo mpaka mwisho kwa usiku mmoja, asubuhi mmeshasahau majina. Nyie ahadi yenu inaisha pamoja na bando. Sisi tulilamba kidole tukiwa na kaptula zilizotoboka, na mpaka leo, watu wazima wanne wenye familia, hakuna aliyevunja. Noela alinitazama kwa huruma ambayo siku hiyo sikuielewa, akasema, "Sawa, baba."

Jumapili iliyopita Jilala alikuja. Alikuwa na mnada, akapiga simu akasema akitoka anakuja moja kwa moja. Nikawaita Odilo na Gaudensi, nikafika kwa Mama Gema mapema kama bwana harusi. Amezeeka, miguu inamsumbua, pombe aliacha kupika, lakini sauti ni ileile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado mnaangalia katuni na midevu hiyo?"

Akatoa CD nyuma ya Familia Takatifu. Imekwaruzika, na deki lenyewe siku hizi wanatagia kuku. Kwa hiyo ikabidi Noela aitwe na simu yake, aiunganishe na runinga ya ukutani aliyonunuliwa Mama Gema na mwanawe. Tukakaa benchi lilelile, ambalo lililalamika. Jilala alinuka ng'ombe na marashi. Nilimshika bega, nikaona aibu, nikamwachia. Nilikuwa na furaha kama mtoto siku ya Krismasi, na sioni haya kuisema.

Noela akaweka. Yule kijana akaruka kitandani, akachukua baiskeli, akaanza kushuka mlima. Treni ikapiga honi. Moyo wangu ukawa unapiga pamoja na miguu yake. Sasa ndiyo ilikuwa inaanza sehemu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Nikasikia mtu anavuta kamasi. Odilo alikuwa ametoa leso. Nikageukia upande wa pili, mwalimu wa nidhamu amevua miwani. Nikamtazama Jilala, machozi yanateremka mpaka kwenye masharubu. Nikarudi kwenye runinga. Kijana bado yuko mlimani, mnyororo haujakatika, hajaanguka, hajafika popote. Hakuna lililotokea.

"Mnalia nini?" nikauliza. "Mbona hajafika?"

Odilo akasema, "Moshi."

"Moshi gani?" Mama Gema akapaza sauti kutoka jikoni. "Mimi napikia gesi! Na wewe Odilo usinitie wazimu, uliiangalia hapahapa Jumapili ileile ilipofika, ukaniapisha nisiseme!"

Nikasimama, mgongo kwenye runinga, nikawageukia wote. Gaudensi akaanza kueleza kwamba yeye ilikuwa chuoni, na kwamba kitaaluma ilikuwa vigumu kuepuka. Odilo akasema alikuwa mtoto. Nikamwambia Jilala, "Na wewe? Wewe ndiye uliyetulambisha vidole!"

Jilala akajifuta kwa mkono mzima, kama siku ile.

"Mimi niliikuta Muze, mnadani, kwenye kibanda cha video. Hata mwaka haukuwa umeisha tangu tuagane. Nikasema nikiiangalia nitakuwa kama niko na nyie. Nikakaa katikati ya watu siwajui. Imefika pale, nimelia, Desi, na hapakuwa na mtu wa kuniambia ni moshi."

Hasira yangu yote ikaniishia. Nilikaa chini nikalia, na sikutaja kuni wala vumbi. Wakati huo nyuma yangu muziki ulikuwa unapigwa, na nilipogeuka nilikuta majina ya Kijapani yanapanda, mji wa milimani umekwisha. Wote wanne tulikuwa tumekaa kwa Mama Gema kama tulivyoapa, na mwisho ulikuwa umepita mimi nikigombana.

"Narudisha nyuma, baba," Noela akasema. "Ni dakika chache tu." Ndiyo uzuri wa vitu vyao, kila kitu kinarudi nyuma. Nilimtazama Jilala, mvi kwenye masharubu, funguo za gari tayari mkononi.

"Zima," nikasema. "Nitaiangalia tukikaa tena wote wanne."

Odilo akasema mimi nina kichaa. Jilala akacheka, akafikiri, akasema mnada mwingine ni mwezi ujao, labda, kama ng'ombe watakuwepo.

Nikamwambia mimi nimeshazoea kusubiri.