Nguruwe wa Bonde la Msimbazi

Juzi nilipita penye jiko la kitimoto, wanapokaanga nyama ya nguruwe, na harufu ya mafuta ikanirudisha bonde la Msimbazi, kwenye mihogo yetu, siku mbwa wa mjomba walipomkamata nguruwe pori.

Alikuwa amelala chini, amekwisha kufa, ananuka tope na damu. Majirani zetu wa Kariakoo, waliolima nasi bondeni, walimzunguka. Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu na balozi wa nyumba kumi, alisimama mbele. Nilikuwa mtoto, enzi za Ujamaa, nikadhani ni kesi. Kila siku redio iliwasema kupe, wanyonyaji wanaokula jasho la wenzao, nami nikaona leo amepatikana mmoja.

"Azikwe," alisema Bi Zuhura. "Wengi wetu hapa ni Waislamu."

"Hazikwi," alijibu mama. "Alipomaliza mihogo yangu hakuna aliyenipa pole. Leo namla."

"Mama Tekla, tunaishi nyumba moja!"

"Ndiyo maana nampikia huku huku shambani."

Akampika kwenye debe, mchana kweupe, tukala, majirani wote wakituangalia.

Tuliporudi nyumbani, kabla hatujagusa ndoo ya maji ya wapangaji, mama alichota udongo, akatusugua mikono, akatusuuza mara saba. Nikalia, nikijua tumekula sumu. Sasa najua ni Uislamu unaoagiza hivyo kwa aliyegusa nguruwe, na sisi tulikuwa Wakatoliki.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni, akihesabu kimyakimya. Ilipofika ya saba, akamsogezea mama ndoo.

"Asante," alisema mama. "Na akija mwingine, namla."