Omena kwa Boneti

Mwanangu, wewe umeshawahi kugombana na balbu? Usicheke. Hilo swali nilimuuliza mjukuu wangu Adhiambo juzi, vile alirudi hapa nyumbani na begi yake, macho imevimba. Anajifunza ufundi wa waya za magari pale Migori. Gari ya mtu ilikuwa na taa hafifu, yeye akabadilisha betri bila kupima kitu, taa ikabaki vile vile, na mwenye gari akamsema mbele ya mafundi wote. Naye akasingizia mwenzake. Ukweli ikatoka. "Dani," akaniambia, maana ndivyo anaita nyanya yake, "mimi sirudi huko. Nitafute kazi ingine."

Nikamwambia keti. Mimi mwenyewe nimegombana na balbu pale Uriri, na ile aibu naikumbuka kama ni ya jana.

Wakati huo nilikuwa mama kijana, niko na nguvu, niko na mdomo. Mzee wangu macho ilimsumbua, kwa hivyo steringi ya pikapu yetu nikashika mimi. Nachukua omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, huku Homa Bay, napeleka soko ya Isebania. Shule niliachia darasa la tatu, lakini gari niliendesha, na wanaume barabarani walikuwa wanasimama kuniangalia kama wameona ng'ombe kwa baiskeli. Nilikuwa najisikia! Ehe.

Sasa soko haingoji mtu. Tulikuwa tunatoka alfajiri, giza bado iko, wamama sita wamekalia magunia huko nyuma. Na taa za mbele ikaanza kufifia. Pole pole tu, hata hujui imeanza lini. Asubuhi moja tukiingia Uriri kuna mtu alikuwa anavukisha ng'ombe, na mimi nilimwona ng'ombe wakati tayari ananusa boneti. Nilikanyaga breki mpaka magunia ikahama. Hakuna mtu aliumia, Nyasaye, Mungu wetu, ni mkubwa. Lakini Min Otieno, jirani yangu, huyo mwenye haogopi hata kiboko, alishuka akaniita jina yangu ya nyumbani, binti wa Mbita: "Nyar Mbita, mimi niko na watoto watano. Usipotengeneza hii taa, kesho hatupandi." Wale wengine wakaangalia chini kwa magunia. Mwanangu, afadhali wangenitukana.

Jua ikitoka nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Salim, fundi wa waya hapo Uriri, mtu wa pwani mwenye kofia na maneno laini. Nilikuwa nimeshanunua balbu kwake mara mbili, na zote zinawaka kama mshumaa. Hata sikumsalimia.

"Wewe mzee unatuuzia balbu zimekufa! Unafikiri sisi watu wa ziwa hatujui taa?"

Watu wakakusanyika. Vile niliona wananisikiliza, nikazidisha. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini siku hiyo wahenga hawakuwa Uriri.

Mzee Salim akamaliza chai yake kwanza. "Mama," akasema, "balbu umeitukana, imesikia. Sasa tuiulize."

Akaniambia niwashe gari nikanyage mafuta. Taa haikuongezeka. "Zingewaka zaidi ukikanyaga," akasema, "ningeshuku betri ama chaji. Hizi zimetulia tu." Akapangusa kioo cha taa, kioo ni safi. Halafu akatoa kipande ya waya, upande mmoja akashika kwa betri, pale kwa hasi, upande ule mwingine akagusisha kwa waya nyeusi iko nyuma ya taa. Uwiii! Taa iliruka! Ilikuwa mchana lakini watu walifunika macho.

"Umeona? Moto unaenda, ila hauna njia ya kurudi."

Akafuata ile waya nyeusi na kidole mpaka pale inafungwa na bolti kwa bodi, chini ya boneti. Hiyo bolti ilikuwa imevimba kutu, nyeupe nyeupe. Akaikwaruza. Akanusa kidole yake.

"Nyar Mbita, gari lako linakula samaki?"

Ooh, mwanangu! Mvua ikininyeshea omena, mimi nilikuwa nayo dawa yangu. Naiosha na maji ya chumvi ndio nzi isikuje, halafu nikifika naianika kwa boneti, kwa sababu boneti iko moto hata jua ikikosa. Nilijiona mwerevu sana, mpaka nilikuwa nafundisha wengine. Kumbe ile maji ya chumvi inatiririka inaingia huko ndani, inakula bolti. Watu walicheka mpaka mama mmoja wa ndizi akaketi chini. Nyani haoni kundule.

"Taa ndiyo inayoonekana, ndiyo ukaitukana," Mzee Salim akaniambia pole pole. "Kosa hukaa pale usipotazama." Akanipatia msasa. "Haya, sugua mwenyewe."

Nilisugua mpaka chuma ikang'aa, tukapaka grisi, tukafunga. Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kusimama mbele ya wale wale watu niseme, "Mzee, balbu zako ni nzima. Kosa ni yangu." Jasho ilinitoka kuliko kusugua! Yeye akacheka tu, akasema nimletee omena, lakini ya kuanikwa chini. Kesho yake alfajiri Min Otieno akapanda, tena akakaa mbele, akasema leo anaona mpaka Tanzania.

Hapo nikamwambia Adhiambo, kwa hivyo sikia, mwanangu. Kitu ikififia, usikimbilie kubadilisha yenye inaonekana. Fuata waya mpaka mwisho, hata kama mwisho ni mkono yako mwenyewe. Na ukitukana mtu mbele ya watu, usiende kumwomba msamaha kichochoroni. Kuchekwa haiui. Mimi nilichekwa Uriri nzima, na niko hapa, meno bado kadhaa. Nyasaye akupatie macho ya kuona kosa yako mapema, na marafiki wa kukuambia kabla ng'ombe hajafika.

Adhiambo akafungua ile begi akatoa ovaroli yake, akaomba sabuni. "Dani," akasema, "Jumatatu narudi. Naanza na yule mwenzangu nilimsingizia, nimwambie mbele yao wote. Halafu naomba hiyo gari niipime tena, kutoka mwanzo. Nakuahidi."